Kilo za hewa: mwongozo kamili wa kukokotoa jinsi joto na mwinuko vinavyopunguza nguvu za injini ya jeti, kuanzia Tanga

Ukisimama uwanja wa ndege wa Tanga saa nane mchana mwezi wa pili, kaskazi imekolea na lami inachoma, miguu yako iko karibu mita 40 tu juu ya bahari. Injini ya ndege iliyo mbele yako haioni hivyo. Kwake hewa ni nyepesi kana kwamba uwanja umebebwa ukawekwa kwenye kilima cha mita 650 hivi. Hakuna kilima pale. Kilichofanya kazi hiyo ni joto peke yake.

Nafundisha fizikia hapa mjini, na kila mwaka nikiuliza ni nini kinachopunguza nguvu za injini ya jeti, wanafunzi wangu hujibu kwa sentensi moja: "Juu hewa ni kidogo, kwa hiyo injini hukosa nguvu." Si uongo, ila jibu hilo halikusaidii kukokotoa chochote, na linasahau joto, ambalo kwetu watu wa pwani ndilo jambo kubwa zaidi. Mwongozo huu unakupeleka hatua kwa hatua mpaka uweze kuchukua taarifa ya hali ya hewa ya uwanja wowote, uweke namba kwenye kikokotoo cha simu, na useme injini pale imepoteza kiasi gani na ndege itahitaji njia ya kurukia ndefu kiasi gani zaidi. Unahitaji kalamu, karatasi, simu, chupa tupu ya maji ya lita 1.5 na ndoo.

Hatua ya kwanza: jua injini inakula nini

Watu wengi hudhani injini ya jeti inakula mafuta. Mafuta ni kama chumvi kwenye chungu. Chakula chenyewe ni hewa. Feni kubwa ya mbele inavuta hewa, sehemu yake inaingia kwenye kompresa inayoibana, inafika chumba cha mwako ambako mafuta (jamaa wa karibu wa mafuta ya taa ya jikoni) yanawashwa, na gesi ya moto inatoka kwa nguvu ikizungusha turbini, yaani magurudumu ya vipanga yaliyo nyuma. Turbini hiyo ndiyo inayozungusha kompresa na feni. Katika injini za ndege za abiria za siku hizi, sehemu kubwa ya hewa haipiti kwenye moto kabisa: inasukumwa na feni na kupita pembeni ya kiini.

Msukumo unaoipeleka ndege mbele ni hesabu ya vitu viwili: kilo za hewa zinazopita kwa sekunde moja, zikizidishwa na kasi iliyoongezwa kwenye hewa hiyo. Kilo, si lita. Mdomo wa injini haupanuki wala haupungui. Kwa mzunguko uleule wa feni, unameza ujazo uleule wa hewa Tanga na Nairobi. Kinachobadilika ni uzito ulio ndani ya ujazo huo. Huo ndio msongamano wa hewa, ambao vitabu vingine huuita densiti, na mwongozo huu wote unauzungukia.

Hatua ya pili: ushike msongamano kwa mkono wako

Usiruke hatua hii hata kama unajua hesabu. Nimeona vijana waliokariri kanuni zote wakashangaa chupa ilipowaonyesha.

Siku ukienda Lushoto, ambako mji uko karibu mita 1,400 juu ya bahari, chukua chupa yako tupu na kavu. Simama kivulini stendi, fungua kifuniko, iache itulie dakika chache ijae hewa ya pale, kisha ifunge kwa nguvu. Andika joto la hewa. Mimi nilifunga yangu siku ya baridi ya kusi, nyuzi 20. Panda gari ushuke. Kufika Soni chupa imeanza kuingia ubavuni. Mombo imeshabonyea kabisa, na kondakta akaniangalia kwa huruma: "Mama, chupa yako imekaliwa hiyo." Nikamwambia haijakaliwa, mwanangu, ni hewa ya Mombo inaibana. Akaichukua, akaigeuzageuza, akatafuta tundu na hakuliona.

Ukifika Tanga, jaza ndoo maji. Zamisha mdomo wa chupa chini ya maji ukiwa umeigeuza kichwa chini, kisha fungua kifuniko humohumo majini. Maji yataingia yenyewe kwa mlio wa kukoroma na ubavu utarudi. Funga tena ukiwa bado chini ya maji, itoe, na upime maji yaliyoingia. Mimi nilipata mililita 185. Hesabu inasema karibu 190: mgandamizo wa hewa Lushoto ni kama hektopaskali 856, Tanga 1008, na maji ya ndoo yalikuwa nyuzi 28. Ukigawanya 856 kwa 1008 unapata 0.85. Kisha hewa ile imepata joto kutoka nyuzi 20 hadi 28, ikatanuka kidogo, jumla 0.87. Asilimia 13 ya lita 1.5 ndiyo hiyo 190.

Sasa iangalie chupa hiyo kama mdomo wa injini. Ujazo ni uleule, lakini hewa iliyojazwa Lushoto ilikuwa pungufu kwa asilimia 13 kuliko ambayo ungejaza Tanga. Zingatia pia lile joto dogo la nyuzi 8: lilirudisha karibu asilimia 2. Mgandamizo na joto vyote viwili vimo ndani ya chupa moja.

Hatua ya tatu: soma taarifa ya uwanja

Viwanja vya ndege hutoa taarifa fupi ya hali ya hewa inayoitwa METAR, na yeyote mwenye simu anaweza kuitafuta kwa kutumia herufi nne za uwanja. Tanga ni HTTG, Kilimanjaro ni HTKJ, Dar es Salaam ni HTDA. Huu hapa mfano niliouandika kwa siku ya kaskazi:

HTTG 151100Z 07010KT 9999 SCT020 32/24 Q1011

Unachohitaji ni vitu vitatu. 151100Z ni tarehe 15, saa 1100 kwa saa za dunia. Sisi Waswahili tuna njia ya mkato hapa: toa 3, unapata saa zetu za mchana moja kwa moja. Kumi na moja toa tatu ni saa nane mchana. 32/24 ni joto la hewa nyuzi 32, na 24 ni kiwango cha joto ambacho mvuke ulio hewani ungeanza kuwa umande. Q1011 ni mgandamizo katika hektopaskali, lakini umeshasahihishwa kana kwamba uwanja uko usawa wa bahari. Hapo ndipo wengi hukosea. Huwezi kuitumia Q ya Nairobi moja kwa moja. Ungepata hewa nzito ambayo haipo pale.

Ili kupata mgandamizo halisi wa uwanja, zidisha Q kwa kizidishio cha mwinuko wake. Nimekokotoa vya viwanja vitano:

Tanga, mita 40 hivi: 0.995
Dar es Salaam, mita 55: 0.993
Kilimanjaro, mita 894: 0.898
Nairobi (Jomo Kenyatta), mita 1,624: 0.822
Addis Ababa (Bole), mita 2,330 hivi: 0.753

Hatua ya nne: kokotoa msongamano

Geuza joto liwe kelvini kwa kuongeza 273. Kisha gawanya mgandamizo halisi kwa 2.87, na jibu uligawanye tena kwa kelvini. Basi. Unapata kilo kwa mita moja ya ujazo.

Kwa mfano wetu wa Tanga: 1011 mara 0.995 ni 1006. Joto ni 32 jumlisha 273, yaani 305. Elfu moja na sita gawanya kwa 2.87, kisha kwa 305, ni 1.15.

Namba hiyo ipimwe dhidi ya nini? Wahandisi wa dunia nzima wamekubaliana juu ya "siku ya kawaida": usawa wa bahari, nyuzi 15, hektopaskali 1013.25, msongamano 1.225. Siku kama hiyo Tanga hatuijui. Hata alfajiri ya mwezi wa saba hatufiki nyuzi 15. Maana yake ni kwamba injini ikiwa kwetu huanza siku ikiwa na hasara, na vitabu vya utendaji wa ndege vikisema "usawa wa bahari, siku ya kawaida", si Tanga wanayoizungumzia.

Viwanja vingine, nikichukua Q1013 kote na joto la mchana: Kilimanjaro kwa nyuzi 30 ni 1.05. Nairobi kwa nyuzi 25 ni 0.97. Addis Ababa kwa nyuzi 20 ni 0.91. Fanya wewe mwenyewe kabla ya kuendelea. Ukipata namba kubwa ajabu, karibu kila mara umesahau kuongeza ile 273.

Unyevunyevu je? Swali hili huja kila darasa, na wengi huamini hewa yenye mvuke ni nzito kwa sababu inalemea mwilini. Ni kinyume. Molekuli ya maji ina uzito wa 18 na ya hewa wastani wa 29, kwa hiyo mvuke ukiingia unafukuza kilicho kizito. Lakini kwa umande wa 24, hasara ni kama asilimia 1 tu. Ijue, kisha iache.

Hatua ya tano: geuza msongamano kuwa kilo ndani ya injini

Chukua feni ya injini ya CFM56-7B, inayotumika kwenye Boeing 737-800. Kipenyo chake ni mita 1.55, hivyo eneo la mdomo ni karibu mita za mraba 1.89. Wakati wa kuruka, tuseme hewa inaingia kwa kasi ya mita 150 kwa sekunde. Ukizidisha, ni mita za ujazo 283 kila sekunde. Zidisha kwa msongamano na una kilo.

Siku ya kawaida ni kilo 347. Tanga mchana wa kaskazi, 325. Kilimanjaro, 297. Nairobi, 275. Addis Ababa, 258.

Sisi ni mji wa saruji, kwa hiyo nipime kwa saruji. Mfuko ni kilo 50. Tanga injini moja inapitisha mifuko sita na nusu ya hewa kila sekunde. Kilimanjaro sita. Nairobi mitano na nusu. Addis mitano. Ukifikiria vijana wawili wanavyohangaika kupakia mfuko mmoja kwenye toroli pale Ngamiani, utaheshimu kinachoendelea ndani ya bomba lile la mita moja na nusu.

Namba hizi zinashika kasi ileile ya hewa mdomoni. Injini halisi ina kompyuta inayoweza kuongeza mafuta na kuzungusha feni kwa kasi zaidi ili kufidia upungufu. Ila kufidia huko kuna ukomo, na ukomo wenyewe ni joto.

Hatua ya sita: tafuta kona ya joto

Chukua pampu ya baiskeli, ambayo haikosekani nyumba nyingi za Tanga. Ziba tundu lake kwa kidole, pampu kwa nguvu mara kumi, kisha shika sehemu ya chini. Inachoma. Hewa ikibanwa inapata joto hata kabla ya kuona moto wowote, na kompresa ya injini inabana kuliko pampu yako mara nyingi sana. Hewa iliyoingia ikiwa na nyuzi 32 itafika chumba cha mwako ikiwa na joto kubwa kuliko iliyoingia na nyuzi 15. Kule nyuma vipanga vya turbini vina kiwango cha joto ambacho havitakiwi kukizidi. Kwa hiyo hewa ikianza na joto, nafasi ya kuongeza mafuta inabaki ndogo. Huo ni mzigo wa pili, juu ya upungufu wa kilo.

Ndiyo maana watengenezaji huziwekea injini kona. Injini nyingi za ndege za abiria hutoa msukumo wote ulioahidiwa mpaka nyuzi 15 juu ya siku ya kawaida, yaani nyuzi 30 usawa wa bahari. Chini ya hapo injini ingeweza kutoa zaidi, lakini inazuiwa ili mgandamizo wa ndani usiizidi nguvu. Juu ya hapo joto la turbini linashika usukani, na msukumo unashuka kwa kila nyuzi inayoongezeka.

Kwa mwinuko, kona nayo inashuka: siku ya kawaida hupungua nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000. Kilimanjaro siku ya kawaida ni karibu nyuzi 9, hivyo kona iko nyuzi 24. Linganisha sasa. Tanga kwa nyuzi 32 tumeipita kona kwa nyuzi 2 tu. Kilimanjaro kwa nyuzi 30 wameipita kwa 6, juu ya kwamba hewa yao tayari ni nyembamba. Wewe abiria unaona nyuzi 30 na unadhani kule kuna nafuu kuliko kwetu.

Hatua ya saba: geuza kuwa urefu wa njia

Hapa ndipo mambo yanapouma, kwa sababu hewa nyepesi inapiga mara mbili. Injini inasukuma kidogo. Wakati huohuo bawa linahitaji kasi kubwa zaidi ili libebe uzito uleule, kwani nalo linategemea kilo za hewa. Ndege inatakiwa kufikia kasi kubwa kwa nguvu ndogo.

Kanuni ya haraka, kwa uzito uleule na pasipo upepo: gawanya msongamano wa Tanga kwa wa uwanja mwingine, kisha jibu lizidishe kwa lenyewe. Kilimanjaro: 1.15 kwa 1.05 ni 1.095, mara yenyewe 1.20. Asilimia 20 zaidi ya njia. Nairobi: asilimia 40. Addis Ababa: asilimia 60. Ni makisio, kwa sababu msuguano wa matairi na ile kompyuta ya injini havimo, lakini yanakupa picha sahihi. Marubani hawatumii makisio haya. Wana majedwali ya ndege yao yenyewe, na hakuna anayeruka kwa hesabu ya mwalimu wa fizikia.

Njia ya Kilimanjaro ina urefu wa mita 3,600, ya Nairobi zaidi ya 4,100, ya Bole 3,800. Ya Dar es Salaam, karibu na bahari, ni 3,000. Ukitazama ramani ukiwa na namba za msongamano mkononi, mita hizo zinaanza kusomeka.

Hatua ya nane: jua marubani wanafanya nini

Njia ikiwa fupi kuliko mahitaji, la kwanza kupunguzwa ni uzito: mizigo, mafuta, na mwisho abiria. Ukiambiwa begi lako litafuata na ndege ijayo mchana wa jua kali, mara nyingine sababu ni hii. La pili ni saa. Tanga alfajiri kwa nyuzi 23 msongamano ni 1.18, na ukilinganisha na mchana wa nyuzi 32 ndege inaokoa karibu asilimia 6 ya njia bila kugusa kitu kingine. La tatu ni kuzima kwa muda viyoyozi, ambavyo katika ndege nyingi hutumia hewa iliyobanwa na injini. Hewa hiyo inarudi kwenye msukumo. Upepo wa mbele nao ni zawadi, na pwani yetu haina uchoyo nao.

Kuna jambo moja ninalolipenda sana. Ndege ikiwa nyepesi na njia ikiwa ndefu, rubani huiambia kompyuta kwamba nje kuna joto kubwa kuliko lililopo, kwa mfano nyuzi 45. Kompyuta inakokotoa msukumo wa siku ya nyuzi 45, injini inaruka kwa upole, na vipanga vinadumu miaka zaidi. Udhaifu unaoletwa na joto umegeuzwa kuwa chombo cha kutunza mashine.

Na ndege ndogo kama Cessna Caravan zinazotua hapa Tanga? Zina pangaboi mbele, lakini nyuma yake kuna injini ya turbini, PT6A, yenye kompresa na kikomo cha joto kama kilekile. Pangaboi lenyewe nalo linahitaji hewa nzito ya kukata. Hatua zote saba zinazihusu.

Hatua ya tisa: panda mpaka mita 11,000

Sasa swali linalowakwaza wengi. Kama hewa nyepesi ni hasara, kwa nini ndege zinaitafuta? Kule mita 11,000 msongamano wa siku ya kawaida ni 0.364, chini ya theluthi moja ya usawa wa bahari, na msukumo wa injini unabaki kiasi cha robo au pungufu ya ule wa kuruka.

Jibu lina sehemu tatu. Ukinzani wa hewa unaoivuta ndege nyuma umepungua nao, hivyo robo hiyo inatosha. Pili, hewa ni baridi, nyuzi 56.5 chini ya sifuri katika siku ya kawaida, na injini inageuza mafuta kuwa nguvu vizuri zaidi hewa inapoingia baridi. Tatu, mwendo wenyewe unaibana hewa mdomoni: kwa kasi ya kawaida ya safari, kama asilimia 78 ya kasi ya sauti, mgandamizo unaongezeka karibu nusu kabla feni haijafanya chochote.

Ila hapa pia tropiki tuna hali yetu. Katika siku ya kawaida, baridi huacha kuongezeka mita 11,000. Kwetu karibu na ikweta huendelea mpaka kama mita 16,000 au 17,000, na kwenye mita 11,000 mara nyingi ni nyuzi 40 na kitu chini ya sifuri, si 56.5. Hewa ya juu ya Tanga ni ya moto kuliko ya kitabu hata kule angani, na ndege nzito wakati mwingine hulazimika kubaki chini kidogo mpaka ichome mafuta na kupungua uzito.

Zoezi la wiki moja

Kwa siku saba, soma METAR ya Tanga mara mbili: ya 0300Z, ambayo kwetu ni saa kumi na mbili asubuhi, na ya 1100Z. Ukikosa ya alfajiri, pima joto mwenyewe kivulini na utumie Q ya karibu zaidi. Kokotoa msongamano, kilo za feni, na asilimia ya njia dhidi ya asubuhi. Andika vyote kwenye safu moja ya daftari. Rudia mwezi wa saba, kusi ikivuma, kisha weka kurasa mbili pamoja: mchana wa kusi wa nyuzi 28 kwa Q1016 utakupa 1.17, na feni ileile itakuwa imepata kilo 331 kwa sekunde, sita zaidi ya mchana wa kaskazi, pale pale, kwenye lami ileile.